Baridi Ipo

Hermosillo, Agosti, saa sita na robo.
Lami imelainika, kandambili zinaacha alama,
na Tsuru yetu ya mwaka tisini na nne, nyeupe kwa jina tu,
inatupumulia usoni
kama mtu aliyeamka na homa.

Kiyoyozi kipo namba nne, mwisho wake.
Upepo upo, tena wa makelele.
Baridi ndiyo hakuna.
Mama mkwe, Bi Eduviges, kakaa mbele
na kapu la chapati za ngano, pana kama shuka la mtoto,
za wateja wa ng'ambo ya reli,
na kila taa nyekundu anajipepea kwa bili ya umeme
akisema yeye hasemi kitu.

Fundi Crisóforo alianza na gesi.
Mafundi wote huanza na gesi, kama waganga na jini.
Akajaza. Peso mia sita.
Siku tatu tukaambiana, "Afadhali,"
kwa adabu, kama wageni wanaosifu mchuzi usio na chumvi.
Akahamia kwenye mkanda: umelegea. Akabadilisha.
Akaipiga maji rejeta ndogo ya mbele,
yakatoka mabawa ya panzi, nyuki wakavu, unyoya wa njiwa,
na vumbi la jangwa la misimu sijui mingapi.
Feni ikazunguka. Klachi ya kompresa ikagonga, ta,
kama inavyotakiwa.
"Gari la zamani," akasema akifuta mikono,
"usilidai ujana."
Nikailipia na hekima hiyo.

Usiku nikashuka peke yangu, tochi mdomoni.
Nikawasha injini, nikafungua boneti,
nikayashika mabomba mawili yanayopenya kwenda ndani,
moja nene, moja jembamba.
Lile nene lilikuwa baridi.
Lilikuwa linatoka jasho, linadondosha,
na mimi nimesimama pale, kiganja kimelowa,
nacheka chinichini kama mwizi.
Wiki tatu hizi baridi ilikuwa ikitengenezwa,
nzima, ya kututosha sote,
na mahali fulani kati ya bomba na pua zetu
kuna aliyekuwa akiipokonya.

Basi nikalala chali chini ya dashibodi,
miguu nje ya mlango, gia imenichoma ubavu.
Kuna kijilango humo cha plastiki, hakizidi kiganja:
kikifunga, joto la injini hubaki kwao;
kikiacha upenyo, linaingia, linachanganyika,
na ulichokipoza kinakufikia uvuguvugu.
Kuna waya wa kukivuta. Nikasogeza kitufe
kutoka nyekundu hadi buluu, buluu kabisa.
Waya ukajikunja tu. Kijilango hakikutikisika.

Nikamulika.
Kibanio cha nywele. Cheusi, kimepindwa kwa ustadi,
kimeubana waya upande wa moto.

Nilikijua. Ndugu zake hulala kwenye kisahani cha bafuni.
Nikaikumbuka Januari, yale magoti, lile blanketi,
"Hili gari lenu linanipulizia kaburi,"
na asubuhi moja malalamiko yakakoma,
nami nikamshukuru Mungu
bila kuuliza.

Kesho yake sikusema.
Kapu likaingia, naye akaingia.
Kwenye taa ya kwanza upepo ukatoka mkali,
una harufu ya chuma kilicholowa,
ukampeperusha nywele za kipajini.
Akakitazama kitufe. Akaitazama sahani ya majivu,
ambamo kibanio kimelala wazi.
Bili ya umeme akaikunja mara nne.

"Crisóforo," akasema, "ni fundi mzuri."
"Mzuri," nikasema.

Kufika kona ya kanisa kajifunga mtandio mabegani.
Akanyoosha mkono polepole, nami nikaangalia barabara,
akakichukua kibanio, akakipuliza majivu,
akakichomeka nyuma ya sikio,
mahali pa karibu.